Makaburi Madogo ya Nyuma ya Bustani

Wiki iliyopita tuligawa vitu vya kabati la marehemu Bibi katika nyumba ya Al Khoudh, ambako wazee wangu walihamia baadaye. Mama alichukua mabuibui, mawifi zake wakagawana kanga na chupa za udi, na mimi nikaachiwa droo ya chini ambayo hakuna aliyeitaka. Ndani yake, chini ya vyeti vya hospitali na miwani iliyovunjika, nikakuta kijitabu chembamba chenye picha ya jumba la mawe ya rangi ya asali, na ziwa mbele yake, na kondoo.

Nilikishika tu nikakijua. Mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu, ninayewafokea watu ofisini mpaka wanasahau walichokuja kusema, nikakaa kitako juu ya zulia nikashindwa kuinuka. Sikujua kwamba Bibi alikihifadhi. Ningekuwa mimi ningekichoma moto siku ile ile tuliyorudi.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Maskati mnazikumbuka zile safari zetu za kiangazi. Joto likishapanda, kila mwenye uwezo anakimbilia London, na huko unakutana na jirani yako yule yule wa mtaani Qurum, kwenye barabara ile ile ya mwaka jana, mnakula shawarma ile ile na kulalamikia mvua. Baba yangu hakupenda kufanana na watu. Mwaka niliotimiza miaka kumi, ofisi yake ilimpeleka kwenye mafunzo ya wiki sita katika mji mdogo wa Uingereza ambao jina lake hakuna aliyeweza kulitamka. Akasema hatutakaa fletini kama watu wengine. Akakodi mazizi ya farasi.

"Umetutoa Qurum ukatuleta kulala kwa farasi?" Mama alimuuliza tulipofika, bado kashika begi mkononi.

"Farasi wamehama zamani," Baba akasema. "Wamefanya nyumba ya wageni. Hili jumba lina miaka mia tatu, la kihistoria. Watu wanalipia kuja kulitazama, na sisi tunalala ndani ya ua wake."

Lilikuwa jumba kweli, sina haja ya kumwonea. Ukiingia getini unapita kwanza kwenye barabara ndefu yenye miti mikubwa pande zote mbili, halafu malisho yenye kondoo, halafu ziwa, na ndipo nyumba inapojitokeza, na mabomba ya moshi mengi kiasi kwamba nilijaribu kuyahesabu mara tatu yakanishinda. Nyuma yake kulikuwa na bustani ya mboga iliyozungushiwa ukuta mrefu wa matofali. Na ndani ya jumba lote hilo aliishi mtu mmoja. Mzee mmoja, mrefu, aliyevaa sweta iliyotoboka viwiko, ambaye siku ya kwanza Baba alimpa mabegi yetu ayabebe akidhani ni mfanyakazi. Mzee akayabeba. Tulipoambiwa kuwa ndiye mwenye nyumba, Mama alijifunika uso kwa mtandio.

Kijitabu kile kilikuwa juu ya meza ya jikoni, na Baba alitusomea kila asubuhi wakati wa chai kwa sauti ya khatibu. Kilieleza kila kilichokuwa karibu. Duka moja kijijini, ambalo ndilo hilo hilo posta. Kanisa la zamani. Baa moja, ambayo Baba aliisoma haraka haraka. Chumba cha kunywea chai, siku mbili kwa wiki. Basi la kwenda mjini, mara mbili kwa siku. Kituo cha treni, saa nzima kwa miguu. Halafu ukurasa mzima wa njia za kutembea.

"Kutembea kwenda wapi?" Mama akauliza.

"Kutembea tu. Unazunguka, unarudi."

Mama alimtazama kama mtu aliyemwoa leo tu. Sisi wa Qurum tulipanda gari kwenda kununua mkate dukani ambako mpishi wetu alikwenda kwa miguu na kurudi kabla hatujapata pa kuegesha. Na mshtuko haukuishia hapo. Chooni hapakuwa na maji ya kujisafishia. Beseni la kunawia lilikuwa na mabomba mawili, moja la kukuunguza na moja la kukugandisha, uchague mwenyewe. Baridi ilikuwa inatoka ukutani katikati ya mwezi wa saba. Siku tuliyokwenda kijijini tulikuta familia nzima imekaa juu ya makaburi ya kanisani, wanakula mikate yao, mtoto kanyoosha miguu juu ya jiwe la mtu. Bibi alisimama barabarani akashindwa kusogea.

"Wanakula juu ya maiti," akasema. "Hawana hata haya ya kutandika kitu."

Bibi alikuwa mama yake Baba, na pale ugenini mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, akisubiri kufanyiwa upasuaji, na hata alipokuwa anaona vizuri alisoma herufi za Kiarabu tu. Nilimsomea dawa, nilimsomea maandishi ya mifuko ya biskuti asije akala mafuta ya nguruwe. Baba alipokwenda kwenye mafunzo yake na Mama kudandia basi la asubuhi kwenda kutafuta maduka, tulibaki sisi wawili. Bibi peke yake ndiye aliyezipenda zile njia za kutembea. Alisema harufu ya majani mabichi inamkumbusha shamba, Unguja. Tulipita mbali na mlango wa jiko la jumba, maana pale alilala jibwa la mzee, la manjano, kubwa, lililozeeka hata kubweka likasahau. Bibi alikusanya buibui lake kwa mikono miwili akazunguka mbali, asije akaguswa na pua yake akaharibu udhu.

Siku ya nne au ya tano tukazunguka nyuma ya ukuta wa bustani ya mboga. Kulikuwa na miti ya kijani iliyokolea karibu kuwa nyeusi, na chini yake, kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, mawe madogo yamepangwa safu.

"Hebu simama," Bibi akasema. "Nini hivi?"

"Mawe, Bibi."

"Mawe gani yakakaa safu? Yana maandishi? Nisomee."

Nikachuchumaa nikafuta kuvu kwa kidole. Kiingereza nilikijua vizuri, nilisoma shule ya Kiingereza, na nilijivuna nacho. Nikamsomea. Bess, miaka kumi na mmoja, rafiki mwaminifu. Toby, miaka tisa. Nell, miaka kumi na mitatu, hakutuacha hata siku moja. Juno, miaka saba, mpenzi wa nyumba nzima. Nikaendelea mpaka mwisho wa safu. Yalikuwa kumi na moja, na hakuna aliyefika miaka kumi na tano.

Bibi alikuwa amekaa chini bila mimi kumwona akikaa. "La hawla wala quwwata illa billah," akasema. "Wote hawajabaleghe."

"Walikuwa watoto wa hapa?"

"Wa nani basi? Bustanini mwao. Maskini ya Mungu, wamezikwa majina matupu. Hata baba hawakuandikiwa. Bess binti nani? Toby bin nani?" Akatandika mkono wake juu ya jiwe la kwanza, akainua viganja, akaanza kuwasomea Fatiha.

Nilimuuliza kama inafaa, maana hawa ni Waingereza. Akanikata. "Mtoto hana dini ya kulaumiwa. Mtoto yeyote anayekufa hajabaleghe anakwenda peponi, awe wa sultani, awe wa Mngereza. Na usimwambie baba yako kwamba nimekaa makaburini, atanambia bidaa, uzushi. Hapa si makaburini. Hapa ni bustanini."

Tangu siku ile tukawa tunakwenda kila asubuhi. Nami tangu siku ile nikaanza kuogopa.

Mtu mzima angejiuliza mambo mengi. Mimi nilijiuliza moja tu: nini kiliwaua? Nilipopelekwa siku moja ndani ya jumba pamoja na wageni waliolipia kulitazama, nikaona picha kubwa za kuchora za watoto wa zamani, wamevaa nguo za lesi, mashavu mekundu, mikono yao imewekwa juu ya vichwa vya mbwa wao. Nikawagawia majina. Yule mwenye kitambaa cha buluu, Bess. Yule mnene, Toby. Mbwa wala sikuwatazama. Nikaona pia kwamba jumba lote halikuwa na mtoto hata mmoja aliye hai, wala baiskeli, wala mpira, ila mzee peke yake na sweta yake. Hesabu ikakamilika kichwani mwangu. Nyumba hii watoto hawaishi. Wanafika saba, tisa, kumi na moja, basi. Na mimi nilikuwa na kumi.

Sikumwambia mtu. Niliamini kwamba nikilisema kwa sauti litatokea. Niliacha kunywa maji ya bombani, nikawa nakunywa ya chupa peke yake mpaka Mama akaona tunamaliza maboksi. Nilijishika paji la uso kila baada ya muda. Nilipokohoa mara mbili chakulani, nilimtazama Baba nikamwona anakata nyama bila wasiwasi, nikashangaa anavyoweza kula. Siku moja nikakutana na yule mzee karibu na ziwa. Akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia kumi. Akatikisa kichwa chake kirefu, akatabasamu, akasema huo ni umri mzuri. Nilikimbia mpaka mazizini nikajifungia chooni.

Kesho yake, tukiwa kwenye mawe, nikajikaza nikamuuliza Bibi. "Walikufa na nini?"

"Homa," akasema, hata hakufikiri. "Watoto huchukuliwa na homa. Kama Zuwena wangu."

Sikuwa nimepata kulisikia jina hilo. Nyumbani kwetu tuliwajua jamaa wote, walio hai na waliokufa, wa Maskati, wa Dubai, wa Unguja, kwa majina na kwa magonjwa yao. Zuwena hakuwemo.

"Zuwena nani, Bibi?"

Akanambia, akiwa amelielekea jiwe la Juno, si mimi. Zuwena alikuwa mwanawe wa kwanza. Alikufa na miaka saba, kwa homa ya siku tatu, akazikwa shamba, nyuma ya nyumba yao. Baba yangu alikuwa bado ananyonya. Haukupita muda wakaondoka Unguja kwa haraka, na nguo walizovaa, na jamaa wote wakaondoka. Babu alikataza jina lile lisitajwe nyumbani kwake kwa sababu lilimtoa akili. Babu akafa, na lile katazo likabaki.

"Tangu siku ile hapana mtu aliyesimama juu yake," Bibi akasema. "Namwombea huku kila siku. Lakini hapana mtu aliyekwenda pale akamwambia assalaam alaykum, Zuwena. Shamba keshalichukua nani, sijui. Pengine wanapita juu yake kama wale wanaokula mikate kanisani."

Akanishika mkono, wake ulikuwa wa baridi.

"Sasa sikiliza. Mimi nimetia nia. Hawa nao hawana mtu. Yule mzee simwoni kuja. Nnawasomea mmoja mmoja, kwa majina yao, na Mungu huko amtie mtu njiani, apite pale kwa Zuwena, amsomee. Mimi niwasomee wa wenzangu, na wenzangu wamsomee wangu. Nshamwambia Mungu hivyo. Na hili ni baina yangu na wewe."

Basi akawa anawasomea wote kumi na mmoja, na wa mwisho Zuwena. Akajifunza majina yale kwa moyo, Bess, Toby, Nell, Juno, kwa lafudhi yake, na hakuruka hata mmoja. Alipita kwanza mlango wa bustani ya mboga akakata nanaa, akaweka kijiti juu ya kila jiwe kama mrehani unaowekwa makaburini Unguja. Mtunza bustani, mama mmoja mpana mwenye mabuti ya mpira, alituona mara ya kwanza akasimama na toroli lake, halafu akatuinulia mkono kwa furaha. Na Bibi, wallahi, alibadilika mbele ya macho yangu. Alianza kula. Alianza kumtania Mama kwa habari za basi lake. Baba alisema hewa ya shamba imemkubali. Mimi peke yangu nilijua ni nini, na hata katika hofu yangu nilifurahi, nikawaza kwamba nikifa nikazikwa pale, angalau Bibi atanisomea na mimi.

Wiki ya tano, asubuhi moja, tukakuta shimo.

Lilikuwa mwisho wa safu, baada ya jiwe la kumi na moja. Udongo mbichi umerundikwa pembeni, koleo limechomekwa juu yake. Lilikuwa shimo fupi lakini la kina. Nililipima kwa macho tangu kichwani mpaka miguuni, nikaona linanienea sawasawa. Mkojo ulinitoka kidogo, nalisema sasa kwa kuwa Bibi hayupo wa kunicheka. Nilikuwa na hakika. Mzee aliniuliza umri wangu, na hili ndilo jibu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," Bibi akasema. "Kuna msiba leo. Mjukuu wa mzee, maskini. Pengine kaletwa kutoka hospitali. Yallah, twende."

"Twende wapi?"

"Kwao! Msiba umeingia uani kwetu, tukae tunakunywa chai?"

Alirudi mazizini karibu mbio. Akapika kahawa, akaitia iliki, akaijaza kwenye chupa, akachukua na vikombe. Akapanga tende kwenye sahani na kuzifunika kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Akavaa nguo zake nyeusi nzuri. Mimi nilimfuata huku na huku nimeshika upindo wake. Kwetu, mnajua, anapokufa mtu, magari yanaziba mtaa mzima kabla maiti hajaoshwa, wanaume wanakwenda kuzika, wanawake wanabaki ndani na mama wa marehemu. Bibi alikusudia kwenda kukaa na huyo mama. Akanipa kazi ya kutafsiri: nimwambie Mungu ampe subira, nimwambie mtoto ni wa peponi.

Tulibisha hodi mlango wa jiko. Hakuna aliyejibu. Hata jibwa halikuwepo mlangoni. Tukaona kupitia mitini mzee anakuja na toroli, anasukuma polepole, na ndani yake kimelala kitu kilichofunikwa blanketi. Nyuma yake yule mama mtunza bustani, kashika kofia yake. Basi. Hapakuwa na mtu mwingine.

Bibi alisimama. "Watu wawili?" akasema. "Maiti wa watu wawili? Mama yake yuko wapi? Watu wa kijijini wako wapi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. "Siye wanawake hatuendi kuzika. Lakini mtoto hazikwi na watu wawili, haiwi." Akanivuta mkono, na sisi tukawa watu wanne.

Mzee alituona tukisogea. Alikuwa analia. Sikupata kumwona mwanamume wa umri ule akilia hadharani, machozi yanashuka na hayafuti. Bibi akasimama upande wa pili wa shimo, akainamisha kichwa, akaanza kusoma chini kwa chini. Akanigusa bega nimmiminie mzee kahawa. Nikammiminia. Mzee akapokea kikombe, akasema asante, akasema ni wema mkubwa sana, hakujua cha kufanya nacho, akakiweka juu ya jiwe la Toby. Kisha wakashika ncha za blanketi, yeye na mama yule, wakaliteremsha. Upande mmoja ukafunguka.

Nikaona sikio la manjano. Nikaona pua, na mguu wa mbele wenye kucha nyeusi.

Bibi hakuona. Kwa macho yake lilikuwa blanketi tu. Aliinama akachota udongo kwa kiganja, kama anavyofanyiwa maiti wetu, akautupa ndani. Akachota wa pili.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nashindwa kuwaeleza furaha ile. Wiki nne nilizikwa kila siku kichwani mwangu, na ghafla mawe yote kumi na moja yakageuka kwa mara moja: Bess mbwa, Toby mbwa, miaka kumi na mmoja ya mbwa, miaka tisa ya mbwa. Hakuna mtoto aliyekufa hapa. Mimi sifi. Kicheko kilinipanda, nikakiziba kwa mkono, kikapita baina ya vidole. Nikacheka mbele ya mzee anayelia, juu ya kaburi, kwa sauti.

"Bibi, ni mbwa!" nikapiga kelele. "Ni lile jibwa lake! Wote mbwa, Bibi, wote! Hapana mtoto hata mmoja!"

Mkono wake ulikuwa hewani na udongo ndani yake. Ulibaki hapo. Mzee alinitazama mimi, akamtazama yeye. Hakujua tulichosema, alisikia kicheko tu, na uso wake ulikuwa unauliza. Nilitegemea Bibi ataruka, atakusanya buibui lake kwa mikono miwili kama siku zote. Hakuruka. Alifunua kiganja chake taratibu, ule udongo wa tatu ukaanguka ndani ya shimo. Akachukua sahani ya tende, akaiondolea kitambaa, akamnyooshea mzee kwa adabu ile ile aliyokuja nayo, na mzee akachukua moja. Kisha akageuka akaondoka, na mimi nikamfuata na chupa ya kahawa.

Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba la nje, pale mazizini. Akaokota udongo, akausugua viganjani, akanawa. Akanawa tena. Nilihesabu mpaka saba, kama sharia inavyotaka kwa najisi ya mbwa. Baada ya ile ya saba aliendelea, maji yanamwagikia viatu vyake vizuri, na midomo yake ilikuwa inatembea, nikadhani anasoma kitu. Nilipokaribia nikasikia kwamba anayataja yale majina, moja moja, Bess, Toby, Nell, na baada ya kila jina anatikisa kichwa.

Hapo ndipo nilipoelewa, kuchelewa kote huko, nilichokuwa nimekipigia kelele.

Akafunga bomba. Hakuwa amekasirika, ingekuwa nafuu. Alinitazama kwa yale macho yake yenye ukungu, kama mimi ndiye mkubwa na yeye anaomba kuambiwa.

"Basi siku zote hizi," akasema, "Zuwena wangu kasomewa na nani?"

Leo ninayo majibu ya kutosha. Ningemwambia nia yake imeandikwa. Ningemwambia Mungu hamlipi mtu kwa macho ya mwingine, na kwamba aliyemsomea vibaya mawe ni mimi, si yeye. Ningeweza hata kumdanganya, nikalala usingizi wangu. Lakini nilikuwa na miaka kumi, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifunza kwamba mkubwa akikuuliza, unajibu kweli.

"Hapana mtu, Bibi," nikamwambia.

Alikaa chini kwenye maji yale, na nguo zake nyeusi nzuri, akamlilia Zuwena kwa jina lake na kwa sauti, kilio cha msiba wa siku ile ile, na mimi nikasimama na chupa ya kahawa nisijue niiweke wapi.